Kulala pwani Vumawimbi: maji kwanza, hema baadaye

Mimi nimekulia dagoni, kwenye kambi za wavuvi, na kazi yangu ilikuwa jikoni. Wenzangu wakiingia baharini, mie nabaki na sufuria, kuni na madumu. Kwa hiyo ukiniuliza habari za kulala pwani sitaanza na hema. Hema kila mtu analo siku hizi. Vijana wa Wete na Chake, hapa Pemba, wanashuka Konde na hema jipya linanukia duka, na chupa mbili za maji mkononi. Maji ya nani hayo, yakhe, na mko watano?

Nitasemea Vumawimbi na Verani, huku Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwa sababu ndiko wengi wanakokimbilia: unatoka Konde, unapita ndani ya msitu wa Ngezi, halafu unatokea kwenye mchanga mweupe usiouona mwisho. Lakini mengi ya haya yanafaa hata ukiwa kwenye kisiwa kisicho na tone la maji matamu.

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Usitazame kalenda ya ukutani peke yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kama saa nne. Katikati yake ni maji mafu, hapo saa zinageuka, asubuhi saa nne maji yamejaa, lakini hayapandi sana wala hayatoki sana. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ukiwa na watoto wanaotaka kuoga asubuhi, nenda maji mafu. Ukitaka pweza na matembezi ya mwambani, nenda bamvua. Na ukitaka dagaa wabichi, nenda wakati wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa wanalala kwao.

Upepo nao. Vumawimbi inatazama mashariki, na kusi likishika, Juni mpaka Septemba, mchanga unaingia mpaka kwenye wali. Wakati huo vuka upande wa pili, Verani, utakuta bahari imetulia. Masika kaa nyumbani. Mimi napenda tanga mbili, kusi limechoka na vuli haijakolea, au Januari na Februari wakati wa kaskazi, ijapokuwa joto lake ni la kutoa roho na kivuli unakitafuta kwa tochi.

Ruhusa ni jambo la nusu saa tu, usilikwepe. Ngezi ni msitu wa hifadhi, una lango na una watu wake, simama useme mnakwenda kulala wapi na mko wangapi. Kisha mpelekee salamu sheha wa Makangale, mkuu wa eneo hilo. Mkifika pwani, wavuvi wakiwepo, wapigieni hodi kama mnaingia nyumbani kwa mtu. Watawaonyesha mahali. Msipige hema pale wanapopandisha vyombo au wanapoanika nyavu.

Sasa maji. Hesabu yangu ni lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia tu. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Chukua la nne. Hilo la nne halifunguliwi mpaka siku ya kurudi, hata mtu akililia chai. Dumu likijaa ni kilo 20 begani kwa mtu, basi jua mapema nani anabeba na gari linaishia wapi. Kabla ya kukaza kifuniko weka kipande cha mfuko wa nailoni juu ya mdomo wa dumu, maana vifuniko vya madumu ya mafuta havikazi sawasawa na safari ina makorongo. Ukifika, chimbia madumu nusu kwenye mchanga wa chini wenye unyevu, kivulini. Usitegemee kisima cha karibu na bahari, maji yake yana chumvi na chai yake hainyweki.

Kila kisichohitaji maji matamu kipe maji ya bahari. Vyombo vioshwe kwa mchanga na maji ya bahari, kisha suuza kwa kikombe kimoja tu cha maji matamu. Udhu tawadha baharini, maji yake ni twahara na hakuna wa kukulaumu. Muhogo uchemshe kwa robo ya maji ya bahari na robo tatu ya maji matamu, chumvi inatosha, usiongeze. Mchele osha mara ya kwanza kwa maji ya bahari, mara ya pili kwa maji matamu, basi.

Na pweza ndiye rafiki wa mpishi asiye na maji. Mnunue kwa kina mama wanaotoka mwambani, au mtoe mwenyewe kama unajua. Mpige juu ya jiwe mpaka mikono yake ilegee na povu litoke, umsuuze baharini. Umweke kwenye sufuria mzima, bila maji, bila chumvi, umfunike, moto mdogo. Baada ya muda kidogo ukifunua utamkuta anaogelea kwenye maji yake mwenyewe, mekundu. Muache humo mpaka kijiti kiingie bila kulazimisha. Hapo ndipo unamkata, unatia ndimu na pilipili, na tui kama umekumbuka mbuzi ya kukunia nazi. Ukimtia chumvi mwanzoni utatafuna mpaka Isha. Kula na mkate wa mofa, ambao kwa ukavu wake unakaa siku nyingi bila kuharibika. Boflo huota ukungu haraka, hilo ni la siku ya kwanza tu.

Mahali pa kulala: tafuta mstari wa mwani mkavu na takataka za bahari. Huo ndio alama ya maji yalikofika. Lakini angalia usidanganywe. Ukifika wakati wa maji mafu, mstari wenye unyevu ni wa jana, na kila siku maji yatapanda zaidi kuelekea bamvua. Panda juu mpaka uone mstari wa zamani, ule ambao mwani wake umekuwa mweusi na unavunjika mkononi, halafu ulale juu yake. Bamvua la mwezi wa tatu na la mwezi wa tisa ndilo kubwa kupita yote.

Vijiti vya hema havishiki mchangani, vinang'oka kwa upepo wa kwanza. Funga kamba katikati ya kijiti, ukilaze kijiti kwenye shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, ufukie na ukanyage. Au jaza mfuko mchanga, uuzike. Mimi bado natumia turubali na jamvi, na chandarua kinaning'inia ndani. Usikae kwenye kona isiyopata upepo ukidhani umepata pazuri, kwani hapo ndipo usubi walipo. Magharibi na alfajiri, upepo ukifa, wanatoka, na chandarua wanapenya. Dawa ni upepo, na ukikosekana, moshi wa makumbi ya nazi.

Moto usiwashe chini ya mivinje, majani yake makavu yanashika kwa cheche moja. Kuni njoo nazo, msituni hapakatwi kitu. Mafiga usiyaokote majini, jiwe lililonywa maji hupasuka likipata moto. Na unapozima, zima kwa maji ya bahari. Mchanga unaficha makaa yanabaki hai chini yake, na asubuhi mtoto anapita peku.

Ukiingia majini buruta miguu, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, amelala chini ya mchanga na akisikia anaondoka. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nusu saa au zaidi, huku mnatafuta gari la kwenda hospitali. Kwa hiyo birika lisikae tupu usiku.

Kuna nyama mbili hazipikwi kwenye sufuria yangu hata nikiletewa bure: bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, na kasa. Sumu ya kasa haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na mpishi hawezi kuijua kwa harufu wala kwa ladha. Machi 2024, Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, walikufa watu tisa waliokula kasa, wanane kati yao watoto. Kasa pia analindwa na sheria. Usiku ukimwona anapanda kutaga, zima tochi, kaa nyuma yake mbali, watoto wanyamaze, na mayai yabaki alipoyafukia.

Choo chimba mbali, nyuma ya vichaka, siyo kwenye mchanga ambao kasa wanautagia. Pampasi na chupa zirudi Konde kwenye madumu matupu: kata mdomo wa dumu moja, lishakuwa pipa la taka.