Kuchagua bledi ya msumeno wa mkanda: kwanza jua vumbi litapita wapi

Bledi ya msumeno wa mkanda ni utepe wa chuma wenye meno, ulioungwa ncha kwa ncha na kuzungushwa na magurudumu. Ikiunguza mbao au ikikata kombo, husemwa haraka kwamba imekuwa butu. Mara nyingi makali bado yapo, ila vumbi limekosa pa kwenda. Kila jino lina kazi mbili: kuchota nyuzi za mbao, kisha kubeba vumbi ndani ya bonde lililo mbele yake hadi litokee chini ya kipande. Bonde likijaa njiani, jino haliwezi kukata tena, linasugua tu.

Hatua ya 1: Urefu na unene

Urefu huandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kama kimefutika, na mashine ina magurudumu mawili yanayolingana, pandisha gurudumu la juu hadi katikati ya mwendo wake wa kukaza. Zidisha kipenyo cha gurudumu kwa 3.14, kisha ongeza umbali kati ya vitovu vya magurudumu mara mbili. Kipenyo mm 350 na umbali mm 640 vinatoa 1,099 + 1,280, yaani mm 2,379.

Kadiri gurudumu lilivyo dogo, ndivyo bledi inavyokunjwa zaidi kila mzunguko, na ikiwa nene hupasuka kuanzia kwenye mabonde. Kwa gurudumu la mm 350, unene wa mm 0.5 unafaa. Bledi za mm 0.9 ziachie mashine kubwa.

Hatua ya 2: Upana hufuata kona

Tafuta kona kali kuliko zote kwenye mchoro wako, upime nusu kipenyo chake. Bledi ya mm 3 hupinda hadi karibu mm 5, ya mm 6 hadi mm 16, ya mm 10 hadi mm 38, ya mm 12 hadi mm 64, na ya mm 19 hadi karibu mm 137. Ukilazimisha zaidi ya hapo, mgongo wa bledi unasukuma ukuta wa njia yake, mbao inaungua na bledi inajisokota.

Kama hakuna kona, chukua bledi pana, lakini usiamini sana kijitabu cha mashine. Kinaweza kukubali mm 19 wakati fremu haina nguvu ya kuikaza. Bledi ya mm 12 iliyokazwa sawasawa hupasua wima kuliko ya mm 19 iliyolegea.

Hatua ya 3: Idadi ya meno

Hapa ndipo bledi nyingi huharibikia. Hesabu meno ndani ya inchi moja (mm 25.4), kisha fikiria ni mangapi yatakuwa ndani ya kipande kwa wakati mmoja. Yasipungue 3.

Chukua plaiwudi ya mm 3. Bledi ya meno 6 kwa inchi ina mm 4.2 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo kuna wakati hakuna jino hata moja lililogusa mbao. Ubao unadondokea bondeni, jino linalofuata linaupiga kama nyundo, na upande wa chini unachanika. Hapo tumia meno 14, au hata 18 kama unaweza kuyapata; bado hayafikishi 3 ndani ya ubao mwembamba hivyo, kwa hiyo usukume taratibu.

Sasa geuza: unapasua mbao ngumu yenye kimo cha mm 200. Meno 6 kwa inchi yanaweka karibu meno 47 ndani ya kipande, kila moja na kibonde kidogo kinachojaa kabla hata ya kufika katikati. Bledi inatafuta upenyo pembeni, na ubao unatoka na tumbo, yaani uso uliokatwa umebinuka katikati. Weka meno 3 kwa inchi, au 2. Kwa kazi za kila siku za mm 20 hadi 50, meno 4 hadi 6 yanatosha.

Mbao mbichi inataka meno machache na yaliyopanuliwa zaidi kushoto na kulia, kwa sababu vumbi lake ni zito na nyuzi zake huibana bledi.

Hatua ya 4: Umbo la jino

Jino lililosimama wima na kukaribiana na wenzake hukata laini lakini polepole. Lililosimama wima na kuachana hufaa mbao laini na plastiki. Lililoinama mbele kama digrii 10 huingia kwa pupa, nalo ndilo la kupasulia.

Hatua ya 5: Kama ni chuma

Kanuni ya meno 3 inabaki, na 6 hadi 12 ndani ya kipande ni bora. Tumia bledi ya metali mbili: mgongo wa chuma cha springi, ncha za chuma kigumu. Ila bledi peke yake haitoshi. Msumeno wa mbao huenda mita 900 au zaidi kwa dakika. Chuma laini kinataka karibu 60 hadi 90. Kwa mwendo wa mbao, meno yanaungua ndani ya sekunde chache.

Hatua ya 6: Kufunga

Chomoa umeme, vaa glavu, na uzivue kabla ya kuwasha. Ncha za meno zitazame chini mezani; zikitazama juu, pindua bledi ndani-nje. Kaza, zungusha gurudumu kwa mkono hadi bledi itulie mahali pake, ndipo usogeze vishikizo vya pembeni, vile vinavyozuia bledi isiyumbe kushoto na kulia: viwe nyuma kidogo ya mabonde, na nafasi ya unene wa karatasi kati yake na bledi. Beringi ya nyuma, inayozuia mgongo wa bledi, isiiguse mpaka uanze kukata.

Hatua ya 7: Sikiliza na utazame

Kata kipande cha majaribio. Tumbo: meno mengi mno au mkazo mdogo. Kwenda upande mmoja daima: meno ya upande mwingine yamelika, au meza haijakaa sawa na bledi. Mlio wa tik-tik kila mzunguko: zima mara moja, zungusha kwa mkono, ukague kiungo cha kuchomelea kisha kila bonde. Kiungo kilichovimba husawazishwa kwa jiwe la kunolea. Ufa, hata wa upana wa unywele, unatosha kuitoa bledi hiyo kazini.