Somo: Kano ya goti imekatika? Anza na kunyoosha

Wadau, mimi si daktari. Nilikuwa winga wa ndondo, mpira wa mtaani, hapa Mwanjelwa, Mbeya, mpaka jioni niliyogeuka kumkwepa beki, mwili ukaenda, mguu ukabaki. Nikasikia "ta!" ndani ya goti, na kabla ya magharibi lilikuwa limejaa kama boga. Kujaa haraka hivyo mara nyingi ni damu, na mara nyingi kilichokatika ni kano ya mbele, ile wanayoiita ACL. Nilifanyiwa upasuaji, kisha mazoezi tiba mwaka mzima.

Siku za mwanzo usikande kwa maji ya moto, na usikubali kuchuliwa. Mimi nilichuliwa usiku uleule, asubuhi goti likawa mara mbili. Tumia barafu: hata zile za ukwaju wanazonunua watoto, zifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu ya mito. Halafu ukapimwe. Eksirei ikisema mfupa mzima, usishangilie, maana kano haionekani humo.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanairuka. Kila mtu anahangaika goti likunje, kumbe linalokulemaza ni goti lisilonyooka. Kaa mkekani, viringisha kanga uiweke chini ya kisigino, acha goti lishuke lenyewe kwa uzito wake dakika kumi. Linauma, ndiyo. Kisha toa kanga, nyoosha mguu, jaribu kupitisha kiganja chini ya goti. Linganisha na mguu mzima. Kama upande mmoja kiganja kinapita na mwingine hakipiti, kazi bado. Mimi nililala na mto chini ya goti wiki tatu kwa sababu ni raha, nikaja kulipa kwa miezi miwili ya kuchechemea.

Sambamba na hilo, amsha paja. Goti likivimba, misuli ya paja hulala usingizi. Kandamiza kanga chini ya goti, hesabu tano, achia, mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Ukiweza kuinua mguu bila goti kulegea, zungumza na fizio, mtaalamu wa mazoezi tiba, kuhusu kuacha magongo.

Kukunja kutakuja kwa kuburuta kisigino taratibu.

Kama umefanyiwa upasuaji, kati ya wiki ya 6 na ya 12 jihadhari. Maumivu yameisha, unajiona mzima, lakini kano mpya uliyopandikizwa ndiyo iko dhaifu. Baiskeli ya kusimama sawa, mpira hapana. Na sisi wa milimani tujue: kupanda si tatizo, kushuka ndiko kunakolitesa goti, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki. Jifunze kwa ngazi moja, polepole, mbele ya kioo, goti lisiingie ndani.

Uwanjani usirudi kabla ya miezi 9.

MASWALI

— Kaka, nipo Makete, mwezi wa nne tangu upasuaji. Kwa baridi hii goti linakaza asubuhi. Kano imeachia?
Kukaza si kuachia. Goti lililoachia hukuangusha unapogeuka. Likunje na kulinyoosha mara ishirini kabla ya kutoka kitandani. Ila kigimbi kikivimba na kuuma, au ukipata homa, hospitali siku hiyohiyo.

— Mwanangu, nalima viazi huku Uporoto. Kano imekatika, hela ya operesheni sina. Ndiyo basi tena?
Shikamoo mama. Si basi. Wapo wengi wanaofanya kazi zao bila upasuaji, kwa mazoezi ya paja ya miezi mitatu na zaidi. Ukiwa na gunia, geuka kwa kusogeza nyayo, usizungushe goti. Lakini likikuangusha mara kwa mara rudi kwa daktari, kila linapoteguka linaweza kuchana gegedu la ndani.

— Mkuu, mwezi wa tano, nakimbia freshi kabisa. Jumamosi fainali. Nicheze hata nusu saa?
Kaa kwenye kiti, simama kwa mguu mmoja, kaa, simama, mpaka uchoke. Kila mguu. Leta hesabu.

— Mzima 22. Huu mwingine 9.
Jumamosi wabebee wenzako maji.