Mzingo na x: chora kwanza

Ninaofundisha darasa la saba nawapa sharti moja: chora kabla hujakokotoa. Tuseme mzingo wa bustani ya mstatili ni mita 54, na urefu wake ni mara mbili ya upana, ukiongeza mita 3. Upana uite x. Urefu utakuwa 2x + 3. Viandike kwenye pande zote nne za mchoro, nasisitiza zote, kwa sababu wengi hujumlisha pande mbili tu na kupata 3x + 3 = 54. Pande nne zinatupa 6x + 6 = 54. Toa 6 kila upande wa alama ya sawasawa: 6x = 48, kwa hiyo x = 8. Ukiulizwa urefu, usijibu 8! Ni 2 × 8 + 3, yaani mita 19. Hakiki: 8 + 19 + 8 + 19 = 54.