Somo: Mrija wa trakea au LMA kwenye upasuaji wa matundu madogo?

Kinachotusumbua kwenye upasuaji huu ni gesi. Tumbo linajazwa kaboni dayoksaidi mpaka 12–15 mmHg, kiwambo kinapanda, mapafu yanakuwa magumu, na mashine inalazimika kusukuma hewa kwa nguvu zaidi. Una vifaa viwili vya kupitishia hewa: mrija unaoingia ndani ya trakea (bomba la hewa), na LMA, kinyago kinachokaa kooni juu ya zoloto. Kinachofaa ni kile kitakachohimili nguvu hiyo bila kuvuja.

Hatua ya 1. Mjue mgonjwa. Hajafunga kula, ni mjamzito, utumbo umeziba, ana kiungulia kikali au unene uliopindukia? Vya tumboni vinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Weka mrija wa trakea, mjadala umeisha.

Hatua ya 2. Wengine unaweza kuwachagulia. LMA ya kwanza, aliyoibuni Archie Brain mwaka 1981, huanza kuvuja shinikizo la hewa likifika 20 cmH2O hivi na haina njia ya kutolea vya tumboni. Kwa kazi hii mimi siigusi. ProSeal na i-gel, aina mpya zaidi za kinyago hicho, zina tundu la pili la kupitishia mpira wa kunyonya vya tumboni. ProSeal kwa kawaida huziba vizuri zaidi. I-gel haijazwi hewa, hivyo huwekwa upesi.

Hatua ya 3. Pima uvujaji kabla ya kisu. Funga vali ya kutolea gesi kwenye mashine, weka gesi lita 3 kwa dakika, tega sikio mdomoni huku ukitazama geji. Mshale unapanda taratibu, halafu unasikia "fyuu" pembeni mwa mdomo. Hiyo ndiyo namba yako. Usivuke 40 cmH2O. Ikiwa chini ya 25, mimi nabadilisha.

Hatua ya 4. Pitisha mpira wa tumbo, nyonya.

Hatua ya 5. Gesi ikishaingia, soma tena shinikizo na kaboni dayoksaidi ya pumzi. Ikipanda, ongeza idadi ya pumzi.

Maswali

*Mkuu, mrija ulikaa vizuri, lakini gesi ilipoingia oksijeni ikashuka na shinikizo likapanda. Kwa nini?*
Sikiliza kifua pande zote mbili. Gesi husukuma panda ya trakea juu, hasa kichwa kikiinamishwa, na mrija umefungwa mdomoni. Ncha inazama bronkasi ya kulia, yaani njia ya hewa ya pafu moja tu. Toa hewa kwenye puto la mrija, vuta sentimita 1–2, jaza, sikiliza tena.

*Puto nalijaza kiasi gani?*
20–30 cmH2O, kwa geji. Kubonyeza kwa vidole ni kubahatisha, ingawa wengi ndivyo tulivyofundishwa.

*Na i-gel ikianza kuvuja katikati ya kazi?*
Mwombe daktari mpasuaji ashushe gesi ya tumbo, ongeza usingizi na dawa ya kulegeza misuli, isogeze ikae sawa. Ikikataa, weka mrija. Laringoskopu, kifaa cha kuangalia zoloto unapoweka mrija, iwe mezani tangu mwanzo, taa yake umeshaijaribu.