Protini kwa wanakondoo
Jamani wenye kondoo, mtoto akifikisha wiki mbili hivi anza kumuwekea chakula chake pembeni, sehemu mama hapenyi, chenye protini asilimia 16 mpaka 18, yani pumba ya mahindi changanya na mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) ya alizeti au soya na majani makavu ya lusina, ule mti wa malisho, kidogo. Ukimpa pumba tupu misuli haijengeki, siku ya kuchinja unakuta mafuta mengi nyama kiduchu. Ila usizidishe, protini ya ziada anaikojoa tu na mashudu bei haishikiki, akikaribia kuuzwa hata 14 inatosha. Yuria, ile ya mbolea ambayo wengine huchanganya kwenye chakula cha mifugo badala ya protini, usimpe, tumbo bado halijakomaa, wala chakula cha nguruwe, kina madini ya shaba mengi na kondoo hayawezi kabisa.