Nyufa ndogo kwenye boti ya faiba: tafuta chanzo kabla ya kuziba

Kuna boti hapa Dunga niliyoiziba nyufa mara tatu, mahali palepale, kuzunguka chuma cha kufungia kamba kule omo. Mara ya nne nikapenyeza mkono chini ya sitaha nikapapasa boliti. Nikakuta washa tupu (kile kipete cha chuma cha boliti), ndogo kama sarafu, imezama kwenye faiba. Kila wimbi lilipovuta kamba, faiba ilipinda. Niliona aibu.

Ngozi ya nje inayong'aa huitwa jelikoti: rezini (gundi ya majimaji inayoganda) yenye rangi, unene wake kama nusu milimita. Ni ngumu lakini haipindi kama faiba iliyo chini yake. Chini kukicheza, juu hupasuka.

Hatua ya kwanza: usome ufa. Osha, kausha, kisha pangusa kwa asetoni. Kwingine hukauka mara moja, ila ufa hubaki na mstari wa unyevu kwa muda mfupi. Uzungushie penseli hapohapo. Nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui kutoka sehemu moja maana yake boti iligongwa. Mistari inayokwenda sambamba maana yake faiba inapindapinda. Zikizunguka boliti, mzigo umeelemea hapo. Zikiwa kwenye kona tu, bila dalili nyingine, mara nyingi jelikoti iliwekwa nene mno tangu kiwandani, na hizo hazinitishi.

Pili, gonga kwa sarafu ukienda pole pole. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio ukififia, kama unagonga boga bovu, tabaka za faiba zimeachana, na kazi hiyo si ya somo hili.

Tatu, ondoa chanzo. Ile boti yangu nilikata bamba la alumini pana kuliko chuma chenyewe, nikalifunga chini ya boliti kwa silanti (gundi ya kuzuia maji). Ufa haujarudi.

Nne ndipo unapochimba, na hapa wengi huona uvivu. Ufa ni mwembamba kuliko unywele, jelikoti nzito haiwezi kuingia. Ukipaka juu juu umeficha tu. Chukua bisibisi kuukuu, inoe ncha, uvute mfereji wa umbo la V mpaka upite kidogo mwisho wa ufa. Ukikuta nyuzi za faiba zimekatika, simama, maana panahitaji mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) na rezini kwanza. Kando pitisha msasa namba 220, futa vumbi kwa asetoni.

Tano: gramu 50 za jelikoti kwa mililita 1 ya hadina (dawa ya kuigandisha), ipimwe kwa bomba la sindano, si kwa macho. Vaa miwani, hadina hii inaweza kupofua. Fanya asubuhi, kivulini, kwa sababu jua la Kisumu hugandisha mchanganyiko ukiwa bado mkononi. Jaza ipite usawa kidogo, funika kwa nailoni laini. Ikiachwa wazi hewani, juu hubaki ikinata.

Ikishakauka: msasa wa maji 400, 600, 800, 1000, kisha polishi.

Maswali ya wanachama

Fundi, kwani fila ya mafundi wa matatu, ile ya kuziba mabonyeo ya bodi, ina ubaya gani? Bei yake ni nafuu.
Ndugu yangu, fila ile ina unga wa talki, hunywa maji. Chini ya mstari wa maji usiithubutu.

Niliwahi kuziba kwa epoksi. Naweza kupaka jelikoti juu yake?
Jelikoti ya kawaida haishiki vizuri juu ya epoksi. Paka rangi ya boti tu.

Kiraka changu kimeng'aa, boti yote imepauka!
Piga polishi boti kwanza, ndipo ulinganishe rangi. Weka tone juu ya mkanda wa gundi ulioubandika ubavuni, ungoje ligande, maana rangi ya majimaji hudanganya.

Mimi niko Mbita, nabeba abiria. Nyufa zangu ziko nyuma, panapokaa injini. Nichimbe?
Hapana, ndugu. Chomoa boliti moja ya chini uangalie kinachotoka. Yakichuruzika maji ya kahawia, ubao wa ndani umeoza. Shusha injini leo, na abiria wapande boti nyingine.