Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumkabidhi Mchukuzi Taka za Biashara Yako

Wafanyabiashara wengi wa Mombasa humlipa kijana wa mkokoteni jioni na kudhani kwamba, gunia likishatoka mlangoni, jukumu lao limekwisha. Sheria haioni hivyo. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zilimtwika mzalishaji wajibu wa kuhakikisha taka zake zinakabidhiwa mwenye leseni ya kuzisafirisha na kuzitupa mahali palipoidhinishwa. Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei, omba leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, soma tarehe inapokwisha, na uhakikishe kwamba inalihusu gari lililoegeshwa mbele yako. Muulize pia anazipeleka wapi, kwa kuwa jaa la Kibarani lilifungwa na jaa la kaunti sasa liko Mwakirunge. Akijibu kwa kubabaika, tafuta mwingine.

Ndani ya duka au hoteli, tenga taka zinazooza na zisizooza katika mapipa yenye rangi na maandishi tofauti, kama inavyoagiza Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Sheria hiyo hiyo inazitaka kampuni ziandae mpango wa taka wa miaka mitatu na kutoa ripoti kwa NEMA kila mwaka.

Taka za sumu zinahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo ninapowasihi wenye gereji wasikubali njia ya mkato. Oili chafu ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko, juu ya sakafu ya saruji, isimwagwe kamwe mtaroni, kwani mitaro yetu mingi huishia baharini. Betri kuukuu zisiuzwe kwa yeyote apitaye na mizani. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, waliathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kama hizo. Mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, nayo Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo Desemba 2024 baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Watoto walikuwa wameshadhurika, na hakuna fidia inayoitoa risasi mwilini.

Hatimaye, kila mzigo wa taka za sumu unapoondoka, dai hati ya ufuatiliaji inayoonyesha aina ya taka, kiasi chake, aliyeuchukua na unakopelekwa. Weka nakala yako katika faili moja na leseni za biashara, mahali ambapo hata mfanyakazi wa zamu ataweza kumwonyesha mkaguzi ukiwa hupo.